Majembe ya Baba na Chuma cha Nyota

Wanangu wa klabu ya sayansi,

Mlikuja nyumbani kwangu hapa Bunda watatu, mmefunga tai, mkaniomba niwaandikie karatasi za kubandika ubaoni siku ya mahafali. Mkasema niandike mambo ya kazi yangu ya maabara, na yawe ya kutia moyo. Nilikubali kwa sababu mlikuwa na adabu. Ya kutia moyo sina. Hayo kawaombeni mchungaji na mgeni rasmi, wao ndio wanaopewa soda kwa kazi hiyo.

Kwanza tuelewane. Mimi sikuwa mwalimu. Nilikuwa mhudumu wa maabara hapo shuleni kwenu, tangu kijana wa miaka ishirini na kitu mpaka siku waliponiaga kwa saa ya ukutani ambayo haikufika Krismasi. Nimeosha mirija ya kioo mingi kuliko sufuria alizoosha marehemu mke wangu. Jina langu ni Petro, lakini wanafunzi waliniita Mzee Asidi kwa ajili ya matobo ya koti langu, hata nilipokuwa sijaota mvi.

Nitawaandikia habari za chuma, na nawaambia mapema kwa nini. Mwanangu Elias, tabibu wa zahanati, alikataliwa mchumba mwaka huu kwa sababu ya chuma. Aliyemkataa, baba wa yule binti, ni mwanafunzi wangu mwenyewe, niliyemfundisha kushika mrija usimuunguze. Na tangu siku ile Elias hapokei simu zangu. Naandika hilo likiwa kooni, kwa hiyo mkiona mahali nimefoka, msidhani nawafokea ninyi. Au hata kama ni ninyi, vumilieni.

Tuanze na waya. Kujua chumvi fulani ina kitu gani ndani yake, unaichoma. Unachukua waya mwembamba, unauchovya kwenye asidi, unauweka motoni, unaurudisha kwenye asidi, tena motoni, mpaka moto usibadilike rangi hata kidogo. Ndipo unagusa chumvi. Shaba inatoa kijani. Kalsiamu inatoa nyekundu ya tofali. Potasiamu inatoa zambarau hafifu, unaiona kama umetulia. Sodiamu inatoa njano, na hiyo njano haina adabu, inafunika wenzake wote. Kitabu kilitaka waya wa platinamu. Platinamu ya wapi Bunda? Nilikuwaga nakata koili la jiko la umeme la mke wa mkuu wa shule, lilipokufa, nalinyoosha kwa koleo na kulipachika kwenye kijiti cha kioo. Koili moja lilinivusha miaka mingi.

Sasa, mwaka mmoja, siku ya mtihani wa majaribio wa kidato cha nne, nilichelewa kuamka. Nikala kiporo cha ugali na dagaa wa kukaanga huku natembea, nikaingia maabara na vidole vile vile vya chumvi, nikapanga nyaya. Asidi sikuigusa, nilijiambia nilizisafisha jana. Mtihani ukaanza. Wanafunzi arobaini, moto wa njano arobaini. Shaba njano, kalsiamu njano. Wote wakaandika sodiamu na kutoka wakitabasamu.

Mwalimu wa fizikia na kemia alikuwa Bwire, mtu wa Bukima, kule ziwani, mrefu, mwenye sauti ya chini inayokutafuta mpaka ulipojificha. Alisoma karatasi zile, akaja akanusa vidole vyangu.

"Petro," akasema, "leo dagaa wa kwetu wamefanya mtihani. Wamefaulu wote. Wanafunzi ndio wamefeli."

Hakunishtaki ofisini. Alinisafishisha zile nyaya mpaka jua likazama, yeye amekaa kwenye stuli anasahihisha. Lakini alinionyesha karatasi moja. Kijana mmoja tu, Wambura, mtoto wa upande wa Butiama, alikuwa ameandika: "Waya si safi. Siwezi kujua." Bwire alimpa alama zote. Kesho yake alimsimamisha mbele ya darasa na kusema kwamba huyu ndiye mwanasayansi, wengine ni wapiga ramli. Mimi nilimpenda Wambura tangu siku hiyo. Nilimwachia ufunguo wa maabara, kitu ambacho sikuwaachia hata walimu wengine. Huyo Wambura leo ni mwalimu wa fizikia Musoma, na ndiye baba wa binti niliyemtaja.

Nirudi kwa Bwire. Alikuwa na somo moja kila mwaka alilolifundisha kuliko mtaala ulivyotaka, nami nilimwandalia vifaa. Aliingia na prizimu yetu moja tu, iliyomeguka pembe, akaiweka kwenye mwanga wa dirishani, rangi zikatandazika ukutani. Akauliza: "Nani amewahi kufika kwenye nyota? Hakuna. Basi tunajuaje ina nini ndani?" Halafu akawakumbusha nyaya. Kila kitu kikiungua kinatoa rangi zake, na mwanga wa nyota ukipasuliwa vizuri unaonyesha alama za kila kilichomo. Alisema heliamu ilionekana kwenye jua kabla mtu hajaikuta hapa duniani. Wanafunzi walikuwaga wanaguna hapo. Mimi pia niliguna mwaka wa kwanza.

Kisha anaanza mwanzo kabisa. Vyote, alisema, vilikuwa vimebanana pamoja, vya moto kupita maelezo, vikatanuka na kupoa. Vilipopoa kulikuwa na haidrojeni, heliamu na kachembe ka lithiamu. Basi. Hakuna kaboni ya mti, hakuna oksijeni ya kuvuta, hakuna chuma. Mtoto wa katekista aliuliza, "Mwalimu, na Mungu je?" Bwire akajibu, "Mungu ndiye mwenye shule. Mimi nimepewa somo moja tu, niache nilifundishe."

Vingine vyote vilipikwa baadaye, ndani ya nyota. Wingu la gesi linajikusanya kwa uzito wake, linabanana, linapata joto mpaka haidrojeni inaungana kuwa heliamu, na kuungana kule ndiko kunatoa mwanga. Haidrojeni ikipungua katikati, heliamu inaungana kuwa kaboni, kisha oksijeni, na nyota ikiwa kubwa kweli inaendelea kupanda ngazi mpaka chuma. Jua letu halifiki huko, ni dogo. Na kwenye chuma, mchezo unakwisha. Kuunganisha vile vyepesi kunakupa moto. Kuunganisha chuma hakukupi, kunakudai. Bwire alisema chuma ni majivu ya nyota, na ukikoka jiko kwa majivu utalala njaa. Moyo wa nyota ulikuwa unashikiliwa na moto wake usianguke. Moto ukikosekana, unaporomoka mara moja, na nyota nzima inalipuka na kutawanya kila ilichopika. Vumbi hilo ndilo lililokuja kuwa jua hili, dunia hii, mwamba wenye chuma, na sisi. Dhahabu wanayoihangaikia wachimbaji wetu ilihitaji vurugu kubwa kuliko hiyo, mpaka mabaki ya nyota zilizokufa yagongane.

Hapo Bwire alichukua pini, akajichoma kidole gumba, tone la damu likatoka. Mkono mwingine ameshika msumari. "Chuma cha damu hii na cha msumari huu," akasema, "vilitoka jiko moja."

Mwaka wa Wambura, ni Wambura aliyeinua mkono. "Mwalimu, ni damu ya watu wote?"

"Wote. Hata ya mbuzi."

Darasa likacheka. Mimi nilikuwa nyuma na kitambaa changu cha kufutia meza. Nilicheka wa mwisho, na sikucheka vizuri.

Sababu ni hii. Kule nilikozaliwa, nyuma ya vilima vya Butiama, kuna koo za wahunzi. Wanatuita Waturi. Watu wanalima kwa majembe yetu, wanachinja kwa visu vyetu, wanaweka milango yao kwa bawaba zetu, ila kuoana na sisi, hapana. Wanasema ndoa ya mhunzi na mkulima ina mkosi, watoto hawakai, zizi linakauka. Hakuna anayekupiga. Hakuna anayekutukana. Unasalimiwa vizuri, unapewa maji ya kunywa, unakaribishwa mpaka pale panapoishia, na kila mtu anajua panapoishia. Ninyi mtaniambia mambo hayo yamekwisha. Mnasema hivyo kwa sababu hamjaposa.

Baba yangu alikuwa mhunzi. Hakuwa na kipimajoto, alikuwa na macho. Chuma kikiwa chekundu cha damu iliyoganda, hakijawa. Kikiwa chekundu cha nyanya, unaweza kukikunja. Chungwa, kipige. Njano, kipige haraka. Kikielekea nyeupe na kuanza kurusha cheche, umekiua, anza upya. Nilivukuta mivukuto yake utoto wangu wote. Kwa hiyo Bwire alipouliza darasani nyota ipi ni ya moto zaidi, nyekundu au nyeupe, na wote wakajibu nyekundu kwa kuwa pilipili ni nyekundu, sikuvumilia. Nilichukua msumari kwa koleo nikauweka kwenye moto, nikawaonyesha rangi zikipanda. Bwire alifurahi sana.

"Umejifunzia wapi, Petro?"

"Gereji, Mwalimu. Musoma."

Nilidanganya haraka hivyo kwa sababu nilikuwa na mazoezi. Wiki yangu ya kwanza kazini, kwenye chai ya walimu, mama mmoja aliniuliza mimi ni wa wapi. Nikaona vikombe vyote vimesimama. Pengine havikusimama, pengine niliona mimi tu. Nikasema Ukerewe. Nilipata wapi Ukerewe? Nilikuwa nimefika Kisorya mara moja na baba, kuuza visu, nikaona kivuko kinaondoka kuvuka kwenda huko kisiwani. Ndicho kilichokuja mdomoni. Tangu hapo nikawa Mkerewe. Mkerewe halisi akija kunisalimia kwa lugha yake nilimwambia nililetwa bara nikiwa mchanga. Nilikimbia Wakerewe Bunda nzima kama mtu aliyewaibia.

Sasa nisikilizeni, hapa ndipo kosa langu lilipo, lile la dagaa lisahauni.

Shule ilikuwa inatafuta majembe ya shamba. Baba akasikia. Hakujua mimi ni Mkerewe, sikumwambia, mtu anaanzaje kumwambia baba yake kitu kama hicho? Akafunga majembe kumi na mawili kwenye baiskeli, akaja kutoka kule mpaka Bunda. Akapitia maabara kwanza. Nilikuwa mlangoni na Bwire, na Wambura alikuwa hapo kwa kuwa alikuwa kiranja wa shamba. Baba aliniita kwa lugha yetu, jina langu la utotoni, anacheka, jasho linamtoka.

Nikamjibu kwa Kiswahili. "Shikamoo, mzee. Ofisi ya mkuu wa shule ni ile pale."

Aliniangalia. Halafu akasema, kwa Kiswahili chake kibovu, "Marahaba, mwalimu. Asante."

Bwire akauliza kama namfahamu. Nikasema hapana. Wambura alikwenda kupokea majembe. Alimwambia, "Weka hapo chini, mzee," na baba akayaweka chini moja moja, yote yameelekea upande mmoja, kisha ndipo Wambura akayaokota. Kwao walifundishwa hivyo, kutopokea kitu mkononi mwa mhunzi. Kijana hakuwa na ubaya, alikuwa anafuata ya nyumbani. Mimi ndiye niliyekuwa nimesimama pale. Petro wa Biblia aliwikiwa na jogoo. Mimi niligongewa kengele ya kipindi cha nne, nikaingia ndani kupanga mirija.

Baba hakuja tena shuleni. Hakunisema hata siku moja. Lakini nilipokwenda nyumbani Krismasi alimwambia dada yangu, "Mpe mwalimu chai." Mwaka uliofuata, hivyo hivyo. Aliniita mwalimu mpaka alipokufa, na hakuwahi kuniita tena jina langu. Kuna watu wanajua kupiga bila kuinua mkono.

Bwire alijua. Wiki ile ile aliniambia, "Yule mzee anashika kitu kama unavyoshika wewe." Nikasema wazee wengi wako hivyo. Akafuta ubao. Halafu akasema, "Kesho kutwa nafundisha chuma. Mlete yule mzee na mivukuto yake, awaonyeshe hawa watoto rangi. Ataeleza kuliko mimi." Nikasema sijui anakokaa. Alitikisa kichwa tu. Mngejua mtu yule alikuwa ananifungulia mlango gani. Baba angesimama mbele ya darasa, na koti langu jeupe nimelivaa, na Bwire angesema huyu ni baba yake Petro, na Wambura angekuwa amekaa benchi la mbele. Bwire alistaafu akarudi Bukima, na huko ndiko tulikomzika.

Mnataka mambo ya kazi ilivyobadilika? Imebadilika. Nilipokaribia kustaafu tulikuwa na projekta. Mwalimu kijana anaweka video, moto unawaka kwenye ukuta, wa rangi safi kuliko niliyowahi kuipata mimi kwa koili la jiko. Maabara imefungwa kwa kufuli, funguo ziko kwa mtu aliyekwenda semina. Nilijaribu kuwatengenezea kisanduku cha viatu chenye ufa wa nyembe mbili na kipande cha CD ya kwaya, wapasue mwanga wa taa wenyewe waone mistari. Wakakipiga picha, wakakiacha kwenye mvua. Mwanafunzi wa leo anajua potasiamu ni zambarau na hajawahi kuiona. Ukimwuliza anakujibu kabla hujamaliza. Nilikuwaga nadhani huo ni ugonjwa wa siku hizi, mpaka nilipokwenda kuposa.

Elias alikutana na Wakuru, yule binti, hospitali moja ya Musoma, wote wakiwa mafunzoni. Aliponitajia jina la baba wa binti, wanangu, nilikaa chini. Wambura. Nikacheka peke yangu kwenye kiti. Nilijiambia, huyu ni mtu wa "waya si safi." Huyu anafundisha kila mwaka kwamba chuma cha damu na chuma cha msumari ni kitu kimoja. Kama kuna nyumba moja katika mkoa huu ambapo Mturi anaweza kuingia mpaka ndani, ni hii.

Tukaenda Butiama, mimi, Elias, na mshenga wetu Mzee Shabani, fundi cherehani jirani yangu, mtu wa maneno mazuri. Wambura alinikumbatia. "Shikamoo Mzee Asidi," akasema, akawageukia ndugu zake, "huyu mzee ndiye aliyenifanya niwe mtu." Wakatuchinjia kuku. Wakuru akatunawisha mikono, mtaratibu, macho yanacheka. Mama yake Wambura, bibi mzee kabisa, alikuwa amekaa kwenye mkeka anasikiliza. Kisha baba mdogo wa Wambura akauliza kama inavyoulizwa, "Basi wenzetu, ninyi ni wa ukoo gani?"

Nafasi ilikuwa hiyo. Njia nzima nilikuwa nimejipanga kusema ukweli. Nilimwangalia Wambura, nikamwangalia yule bibi, nikaona mkono wake umesimama kwenye ushanga wa rozari. Nikasema Ukerewe.

Mzee Shabani alikohoa. Yeye alikuwa anajua, nilimwambia mwaka mke wangu alipokufa. Mke wangu naye alijua na alininyamazia. Elias hakujua. Alizaliwa babu yake ameshakufa, akakua hapa Bunda akijiita Mkerewe, na dada zangu nilikuwa nawatembelea peke yangu.

Yule baba mdogo ni mtu wa kazi. Alikwenda Kisorya, akapanda kivuko, akavuka, akauliza. Hakuna aliyenijua. Akarudi, akazunguka nyuma ya vilima vyao wenyewe, na huko haikumchukua hata siku mbili. Tukaitwa tena Butiama. Safari hii hakukuwa na kuku.

"Mzee Petro," alisema, "Ukerewe nimefika. Hawakujui. Hapa nyuma wanakujua sana. Wamenionyesha hata tanuru la baba yako lilipokuwa." Akaonyesha vilima kwa kidole. "Ninyi ni Waturi."

Elias akanigeukia. "Baba, Waturi ndio nani?"

Yule baba mdogo ndiye aliyemweleza, si mimi, taratibu, kwa heshima kabisa, kama daktari anayempa mtu habari. Alimweleza babu yake alikuwa nani. Alimweleza kwa nini haiwezekani. Elias aliitikia, "Ndiyo, babu. Nimeelewa, babu," kijana wa watu, amekaa wima.

Nikamgeukia Wambura. Nilikuwa na hasira, nazo zilinipa sauti. Nikamwambia, "Mwalimu, wewe unafundisha nini kule Musoma? Bwire alijichoma kidole mbele yako. Ukamwuliza kama ni damu ya watu wote. Alikujibu nini?"

"Alisema wote," akajibu Wambura. "Nafundisha hivyo hivyo, Mzee. Na pini natumia. Wanafunzi wangu wanafaulu."

"Sasa?"

"Sasa ile ni ya shule. Hii ni ya nyumbani. Nina mama yangu hapa. Wakuru akizaa mtoto akaugua malaria tu, mama atasema ni mimi. Nitaishi nalo mpaka lini?"

"Kumbe ulikuwa unasoma ili ufaulu tu."

Aliinamisha kichwa. Halafu akakiinua, akasema: "Mzee wangu, mimi nakuheshimu. Mpaka namaliza shule nilikuwa na ufunguo wako mfukoni. Ungeniambia pale maabara, mimi mtoto wa miaka kumi na saba, kwamba Mturi ni wewe, labda leo ningekuwa na cha kumjibu mama. Kama jambo hili si kitu, kama ni chuma tu, wewe ulilificha la nini?"

Bibi alikuwa analia, na sijui alikuwa anamlilia nani. Mzee Shabani alitafuta maneno yake mazuri, akayakosa, tukaaga.

Tulitembea kwenda kupanda gari, Elias mbele, mimi nyuma na goti langu bovu. Nilianza kuwasema wale watu. Washamba, wanafiki, elimu ya makaratasi. Elias akasimama barabarani.

"Baba, hao siwalaumu sana. Wao wameniambia ukweli leo. Mimi nimeujua ukoo wangu kwa watu waliokuwa wanaukataa. Wewe umenilea miaka yote hii, na hukuwahi kuniambia nina babu aliyekuwa anafua majembe. Uliona aibu kabla yao."

Nikasema nilitaka kumkinga.

"Siku utakapolisema mbele za watu," akasema, "hujaulizwa, hujakamatwa, nitapokea simu yako."

Wakuru alimpigia kwamba yuko tayari waoane hata bila baraka. Elias alimwambia hawezi kumwingiza mtu kwenye ukoo ambao yeye mwenyewe bado ni mgeni. Akaomba uhamisho. Wamempeleka mbali, sijui hata njia ya kufika. Mzee Shabani huwa anampata, ananiambia anaendelea vizuri. Mimi napiga, inaita mpaka inakatika.

Mengine ya kazi mtayakuta kwenye vitabu. Asidi mimina kwenye maji, usimimine maji kwenye asidi. Waya choma mpaka moto usibadilike, hata kama ulisafisha jana.

Sasa nasema, na hakuna aliyeniuliza. Ninyi mlitaka habari za mirija. Mimi ni Petro, Mturi, mtoto wa Maregesi mhunzi. Sijawahi kuwa Mkerewe. Yule mzee aliyekuja hapo shuleni na majembe kumi na mawili kwenye baiskeli, nikasema simfahamu, alikuwa baba yangu. Karatasi hii msiibandike bila jina. Isomeni kwa sauti siku ya mahafali, wazazi wakiwepo. Halafu mmoja wenu aipige picha amtumie Elias. Namba mtapewa na Mzee Shabani. Ikitoka kwenye simu yangu hataifungua.